Mashamba ya Daraja la Nne

Émérance hakujua kusoma hata alama moja kati ya zile alizokuwa akizichora. Kila asubuhi, akishamnawisha mzee Khai na kumvisha soksi mbili mbili za sufu, alitandaza karatasi kubwa juu ya meza ya chakula, akashika kalamu nene nyeusi, akafungua kitabu cha ukoo wa mzee, kilichoandikwa kwa alama za Kichina cha kale, na kuanza kunakili. Alama moja, karatasi moja. Alama iliyokuwa ndogo kama punje ya dengu kitabuni aliikuza hata ikawa pana kama sinia. Kisha aliibeba mpaka kwenye kiti cha mzee karibu na dirisha, akaisimamisha upande wa kushoto, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yamekufa katikati yakabaki kuona pembeni tu. Mzee aligeuza shingo kama kuku anayekagua punje. Halafu aliitamka alama ile kwa lugha ya kwao Vietnam, na baadaye kwa Kifaransa.

"Mpunga," alisema. Au, "Bwawa." Au, "Alikufa."

Kazi hiyo haikuwa kwenye mkataba. Kampuni ya walezi ilimtuma Émérance kwa mzee Khai mwaka 2010, majani yalipoanza kupukutika, amnawishe, ampikie, amhesabie vidonge. Mzee aliishi ghorofa ya sita huko Woluwe-Saint-Lambert, jijini Brussels, peke yake tangu mkewe alipofariki. Binti yake, Thu, ambaye alikuja kila Jumapili, alimwambia Émérance siku ya kwanza, "Baba hapendi maneno mengi." Émérance akashukuru moyoni, maana yeye maneno hata machache hakuwa nayo. Kanisani kwao, mtaa wa Forest, alikaa nyuma ya nguzo. Kwenye metro alisimama ingawa viti vilikuwa vitupu, asije akalazimika kumwomba mtu ampishe. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Shule aliiacha darasa la tano, vita vilipoingia Bukavu, mashariki ya Kongo, mwaka 1996, na hakuna aliyewahi kumrudisha.

Lakini mkono wake ulikuwa mtulivu. Hakuruka nukta hata moja, kwa kuwa hakujua ni nukta ipi yenye maana na ipi haina.

"Wewe ni bora kuliko binti yangu," mzee alimwambia. "Yeye angetaka kuelewa kwanza. Wewe unachora kilichopo."

"Ni kwa sababu sikusoma, papa," akajibu, kama kwao Bukavu wanavyomwita baba.

"Usiniite papa. Nimefundisha historia miaka thelathini katika shule za hapa Brussels, hakuna mtoto hata mmoja aliyethubutu kuniita papa."

"Ndiyo, papa."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, na suala la papa likaishia hapo.

Kidogo kidogo, karatasi baada ya karatasi, Émérance akaja kufahamu kitabu kile kilikuwa na nini. Babu wa mzee Khai, babu wa zamani sana, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, alikuwa ofisa wa mfalme, ofisa wa daraja la nne. Mfalme wa enzi zile aliwatunza maofisa wake kwa mashamba. Wa daraja la kwanza walipata mengi, wa pili pungufu kidogo, na hivyo hivyo kushuka mpaka la nne. Walipewa mashamba ya mpunga, walipewa mabwawa ya samaki, walipewa kingo za mito zenye miforosadi, miti ambayo majani yake hulisha viwavi wa hariri.

"Lakini sikiliza," mzee alisema asubuhi moja ya Januari, akainua vidole viwili vilivyokonda. "Mashamba yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza, mfalme anakupa ukoo wako wote, mtoto, mjukuu, milele. Ya pili, anakupa ule wewe ukiwa hai. Ukifa, wanao wanaachiwa miaka mitatu ya kuomboleza, halafu shamba linarudi kwa mfalme."

"Na ya kwenu, papa?"

"Ya kwetu milele. Iko humu. Utaifikia."

Émérance alibaki ameshika kalamu hewani. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa ameulizwa, naye si mtu wa kusema asiloulizwa.

"Kwetu pia ziko mbili."

Jumamosi iliyotangulia, Anaclet, kaka yake mkubwa, alikuwa amempigia simu kutoka Bukavu. Anaclet hakuwa na desturi ya kusalimu kwa muda mrefu.

"Emé, sikiya muzuri. Bazee ba kwa mwami banasema ile shamba ya papa ilikuwa ya bwasa. Bwasa! Eti alipewaka ya kutumika tu, na sasa alisha kufa, irudie."

"Na maman?"

"Maman atoke. Njo banasema. Nyuma ya Pasaka banakaa, banakata maneno."

Baba yao, aliyefariki mwaka uliopita, alikuwa karani wa mwami, chifu wao, kwenye milima nje ya Bukavu. Yeye ndiye aliyeandika barua za mwami na kuweka majina ya watu kwenye daftari. Kwa kazi hiyo mwami alimpa shamba juu ya kilima cha Cishali, mwaka 1993. Mama yao alikuwa akiishi hapo hadi leo, akilima maharage, viazi na migomba, na kaburi la baba lilikuwa nyuma ya nyumba. Kwa desturi ya kule, mtu akimpelekea mwami ng'ombe na mwami akampokea, shamba linaitwa kalinzi, ni lake na la watoto wake. Bila ng'ombe ni bwasa, shamba la kuazimwa, na mwenyewe anaweza kulitaka wakati wowote.

"Bantu bote balionaka ngombe inapanda kule kwa mwami," Anaclet aliendelea. "Bote. Lakini nani aliingiaka mu lupango ya mwami pamoja na papa? Ni weye. Mi nilikuwa ku internat, ku masomo. Weye peke yako. Donc, andika. 'Niliona mwami anapokea ngombe.' Mistari tatu, na signature. Bazee batasoma, itaisha."

Émérance alihamishia simu sikio la pili.

"Allô? Emé? Uko ku Poto, ku Bulaya, na bado unaogopa kalamu?"

"Nasikia, yaya," alisema, jina ambalo kwao ni la ndugu mkubwa.

"Bon. Fikiria maman. Fikiria vile nitamuweka wapi, mu chumba yangu moja na batoto bane."

Émérance hakuogopa kalamu. Aliogopa kile alichokiona akiwa na miaka tisa. Ni kweli aliingia na baba yake katika boma la mwami. Ni kweli ng'ombe alikuwepo, jike jekundu lenye doa jeupe tumboni. Lakini njiani, kwenye mawe ya mto, alikuwa amejiumiza mguu wa nyuma. Mwami alitoka, akamzunguka ng'ombe mara moja, akatazama ule mguu. "Karani," alisema, tena bila hasira, karibu kwa kucheka, "unaniletea kilema? Mrudishe. Utaniletea mwingine." Wakarudi kwa njia ya nyuma, ya msituni, mvua ikiwanyeshea, ili wale waliowashangilia wakipanda wasiwaone wakishuka. Baba akamuuza ng'ombe kwenye mnada wa mbali. Akamshika Émérance bega. "Hukuona kitu," alimwambia. Ng'ombe mwingine hakwenda kamwe. Kwanza zilikosekana pesa, kisha vita vikaja, na baada ya vita kila mtu aliamini kuwa ng'ombe wa karani alipokelewa zamani, hata baba mwenyewe alizungumza kama aliyekwisha kuamini.

Haya hakumwambia mzee Khai. Alimweleza kuhusu kalinzi na bwasa tu, kwa Kifaransa chake cha kusitasita, na mzee akamhoji kwa hamu kama mtu aliyeokota pesa kwenye koti la zamani. Ng'ombe wa umri gani? Nani shahidi? Akifa mwami, mwami mpya anafungwa na maneno ya yule wa zamani? Émérance akajibu alivyoweza. Halafu naye akauliza.

"Papa, kabla mfalme hajampa babu yenu, nani alikuwa analima pale?"

Mzee aligeuza shingo, akamtafuta kwa pembe ya jicho.

"Watu wa kijiji. Shamba halikai wazi likisubiri ofisa, Émérance. Kila mfalme anapogawa shamba kuna mtu tayari amesimama ndani yake na jembe."

"Wanaenda wapi?"

"Hawaendi. Wanaendelea kulima. Ila mpunga wanampelekea ofisa."

Siku hiyo ndipo mzee alipomsimulia habari za baba yake. Mwaka 1955 mzee Khai alikuwa kijana, mwanafunzi Leuven, hapa Ubelgiji. Kwao kaskazini mashamba yalikuwa yakigawanywa upya na wenye mashamba makubwa wakihukumiwa mbele ya watu. Baba yake alipandishwa kwenye jukwaa la mianzi. Aliulizwa mashamba aliyapata wapi. Akainua kitabu, hiki hiki, akasema mfalme aliwapa milele, na kwamba ukoo wake haujaiba hata tuta la mtu. Mwanamke mmoja, mpangaji wake, akapanda akamtemea mate usoni. Kesho yake baba alipigwa risasi. Barua ya kueleza hayo ilichukua miezi saba kufika Leuven, na kitabu kilimfikia miaka mingi baadaye, kimefichwa ndani ya mto wa kulalia wa shangazi.

"Nimeishi na jambo moja," mzee alisema. "Kwamba alisema kweli. Walimwua, lakini alikuwa amesema kweli."

Ukurasa wenyewe waliufikia katikati ya Februari. Theluji ilikuwa imegeuka matope ya kijivu huko chini barabarani. Émérance alichora alama ya nane ya mstari, akampelekea mzee. Mzee akaitazama muda mrefu kuliko kawaida.

"Mbona mkia wa alama hii umekatwa?"

"Ndivyo ulivyo, papa. Unaingia chini ya karatasi."

"Karatasi gani?"

Émérance akakiinua kitabu hadi usawa wa mwanga. Alikuwa ameiona tangu alipofungua ukurasa, ila hakudhani ni jambo la kusemwa. Vitu vya watu wakubwa vina viraka. "Pamebandikwa kipande," alisema. "Kidogo kama kucha mbili. Ni cheupe kuliko ukurasa. Alama mbili zinazofuata, pale uliposema patakuwa na 'milele kwa ukoo', ziko juu ya hicho kipande."

Mikono ya mzee ilianza kupapasa magoti kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka.

"Weka birika jikoni," alisema mwishowe. "Ushike ukurasa kwenye mvuke. Pole pole. Usichane."

Émérance alitamani kusema kuwa hajui, kuwa ataharibu. Lakini alizoea kutii. Alishika ukurasa juu ya mdomo wa birika mpaka vidole vikamwaka, akaingiza ncha ya kisu cha siagi, na kipande kikajikunja chenyewe, kikatoka kama gamba la kidonda kilichopona. Chini yake kulikuwa na alama mbili nyingine, nyeusi sana, kwa kuwa hazikuwa zimeona mwanga.

Akazichora. Alizisimamisha upande wa kushoto.

"Chora tena," alisema mzee.

Akachora tena.

"Tena. Kubwa zaidi."

Mara ya tatu mzee alifumba macho kabla hata ya kumaliza kutazama.

"Ya kupewa kwa maisha yake," alisema. "Yaani yarudi baada ya miaka mitatu." Sauti yake ilikuwa ya mwalimu, imekauka. "Mtu alibandika. Labda mwanawe, miaka mitatu ilipotimia. Kitabu hiki kimenakiliwa mara nyingi, na pengine kila aliyenakili alinakili vya chini na kiraka cha juu. Babu yangu mzaa baba alikijua. Baba yangu sidhani." Akafumbua macho. "Alikufa amekumbatia uongo kwa mikono miwili, Émérance, naye akiuamini. Na yule mwanamke aliyemtemea mate…"

Émérance alikaa sakafuni karibu na miguu yake; kukaa karibu ndicho alichoweza. Supu ya mchana ilipoa. Saa tisa mzee alisema:

"Kirudishe."

"Papa?"

"Kile kipande. Kirudishe palepale kabla Thu hajaja. Kuna wali kwenye sufuria? Ponda punje chache kwa maji, ni gundi nzuri."

"Lakini papa, ulifundisha historia."

Lilikuwa neno kali kuliko yote aliyowahi kumwambia mtu mzima. Likamtoka, akashtuka nalo. Mzee aligeuza uso dirishani, ambako hakuona kitu.

"Ndiyo," alisema. "Watoto wa watu."

Émérance akaponda wali. Akakibandika kipande mahali pake, na kwa sababu mkono wake ulikuwa mtulivu, hakuna ambaye angejua.

Mwezi wa tatu ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha baba wa mzee Khai. Kila mwaka walifanya yale yale: picha ya marehemu juu ya kabati, vijiti vya udi, machenza, wali, nyama ya nguruwe iliyopikwa na mayai. Thu alimwomba Émérance abaki kusaidia. Jamaa walijaa sebule. Alikuwepo mpwa kutoka Paris, kijana mwenye miwani ambaye alikuwa amejifunza alama za kale chuoni, na Thu, kwa furaha, akamkabidhi kitabu. "Tusomee habari ya mashamba. Baba amekuwa akikifanyia kazi majira yote ya baridi."

Kijana akasoma kwa sauti. Alifika kwenye mstari ule, akatamka zile alama mbili kwa madaha, akaeleza kwa Kifaransa kwa ajili ya wadogo. "Milele! Mnasikia? Mfalme mwenyewe. Babu yetu hakuwa mnyang'anyi." Watoto wakapiga makofi, na bibi mmoja akafuta machozi kwa ncha ya skafu. Émérance alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na sahani ya sambusa nyembamba za Kivietinamu, na aliona shingo ya mzee Khai ikigeuka huku na huku, ikitafuta jambo kwa pembe za macho, isilipate.

"Baba, sema kitu," Thu alimwomba.

"Kuleni," alisema mzee. "Chakula kinapoa."

Wageni walipokuwa wakivaa makoti, alikuja jikoni akipapasa ukuta. "Zamani mimi ndiye niliyekuwa sijui," alimwambia Émérance kwa sauti ya chini. "Sasa ni zamu yao." Akaomba maji, akayanywa akiwa amesimama, akarudi kuaga watu. Kuanzia siku hiyo hakuomba tena karatasi wala kalamu. Kitabu kilibaki kabatini. Mzee alikula nusu ya alichokuwa akila, na mara mbili Émérance alimkuta amekaa na soksi mkononi, hakumbuki ni ya kuvaa au ya kuvua.

Pasaka ilikuwa inakaribia. Anaclet alipiga tena, mara hii bila hata kutaja jina lake. "Barua iko wapi? Unangoja bamutupe maman inje na sufuria yake?"

Jumapili, baada ya ibada, Émérance alikwenda Molenbeek kwenye duka la simu, kule ambako simu za Kongo ziliingia vizuri. Akajifungia katika kibanda cha mbao na kumpigia mama yake. Mama alikuwa anapepeta maharage. Émérance alisikia ungo.

"Maman, nina neno. Ile ngombe ya papa, ya kupeleka kwa mwami…"

"Ya kilema," mama alisema.

Émérance akakaa.

"Maman, ulijuaka?"

"Ile siku papa yako alirudia na matope mpaka mu magoti, na kamba mu mufuko. Muntu akipeleka ngombe kwa mwami, anaiacha na kamba yake. Harudishi kamba." Ungo uliendelea kidogo, halafu ukanyamaza. "Sikumuuliza. Alikuwa na haya. Na weye ulikuwa na homa siku tatu, hukusema kitu. Nikasema, bon, bamefunga kinywa bote babili, na mi nitafunga."

"Yaya anasema niandike kama mwami alipokea."

"Najua. Ananiambia kila siku."

"Niandike nini, maman?"

Émérance aliona kupitia kioo cha kibanda watu watatu wakingoja zamu.

"Unamukumbuka maman Pétronille? Ule mujane wa ngambo ya kijito?"

"Kidogo."

"Yeye njo alikuwaka analima hapa mbele siye tufike. Mwami alimutoa ili atupatie siye. Siku tulifika, alikuwa bado anachimbua viazi, vidogo kama vidole, havijakomaa. Nilimusaidia kubeba. Myaka kumi na munane tunasalimiana mu soko, anasema 'jambo, muke ya karani', na mi nasema 'jambo, maman Pétronille'." Akavuta pumzi. "Mi siwezi kukuambia uandike hivi, siwezi kukuambia uandike vile. Weye njo ulikuwa mule. Mi nilikuwa napika."

Alirudi kwake Forest kwa tramu. Aliyeishi naye, Priscille, alikuwa kazini, na chumba kilikuwa na mwanga mzuri wa mchana. Émérance akatandaza karatasi. Kwanza aliandika kama kaka yake alivyotaka: Mimi Émérance nilikuwa pamoja na papa. Niliona mwami anapokea ng'ombe. Niliandika mwenyewe. Aliandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, akaitazama. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Ilikuwa barua safi; mtu yeyote angeiamini, na yeye mwenyewe baada ya miaka kumi angeiamini pia. Ndicho kilichomtisha. Alikuwa amemfichia baba yake, akamfichia mzee Khai, na wote wawili hakuona wamepata nafuu gani.

Akachukua karatasi ya pili.

Mimi Émérance nilikuwa pamoja na papa. Ng'ombe alikuwa anachechemea mguu wa nyuma na mwami alimkataa. Papa alisema atapeleka mwingine, lakini hakupeleka.

Akaongeza mstari wa nne, ambao hakuombwa na mtu: Kabla yetu pale alikuwa analima maman Pétronille. Akatia sahihi, akaipeleka posta Jumatatu kabla ya kwenda kazini, upesi, asije akapita mbele ya kopo la taka.

Anaclet alipiga simu baada ya Pasaka. Hakufoka. "Bamesoma," alisema. "Maman anavuna maharage, halafu anatoka. Kaburi ya papa itabaki, bamekubali, tukiomba njia. Weye ukae vizuri kule kwenu." Akakata, na namba yake haikuonekana tena kwenye simu ya Émérance, si siku ya kuzaliwa kwake wala siku nyingine.

Mwezi wa sita, siku moja alipokuwa akimkata mzee Khai kucha, mzee aliuliza ghafla, "Na shamba lenu? Lile la ng'ombe?"

"Lilirudi, papa."

"Uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

Mzee aliuacha mkono wake ndani ya mkono wa Émérance. Midomo yake ilicheza kama anayetaka kuomba jambo au kusamehe jambo, kisha ikatulia. "Na amepewa nani?" aliuliza.

Hilo Émérance hakulijua. Hakuwa ameuliza, alidhani linajulikana ni la nani, kwa kuwa alimwandika maman Pétronille mstari wa nne.

Mchana, mzee aliposinzia, alishuka chini barabarani na simu. Jua lilikuwa kali juu ya magari yaliyoegeshwa, wauguzi wenye kadi shingoni wakipita kwenda hospitali. Mama alipokea baada ya muda mrefu, akihema.

"Maman, uko kwa yaya?"

"Hapana, nilipanda huku mu shamba."

"Shamba gani?"

"Ya kule kwetu. Ile ya karani."

"Karani ni papa, maman. Papa alikufa."

"Karani mupya, mutoto yangu. Mwami alimupatia. Kijana moja ya kusoma, alitoa ngombe muzuri, miguu yote ine." Kulikuwa na jembe likigonga karibu na mama, na sauti ya mwanamke mwingine ikisema jambo. "Anatafuta bantu ba kulima kwa siku. Mu chumba ya Anaclet siwezi kukaa tu nakunja mikono. Naenda na maman Pétronille. Yeye ananionyesha fasi udongo ni muzuri. Anaijua kunipita."

"Maman."

"Anasema nikusalimie. Anasema asante ya jina yake."

Émérance aliegemea ukuta wa jengo. Alitaka kuuliza kama kaburi la baba bado lipo, kama wanapewa chakula, kama mama amekasirika. Hakujua aanze na lipi, na mama akatangulia.

"Acha nikate," alisema kwa sauti ya chini, ya haraka. "Karani anakuya."